Hofu ya kufungua mashine ya kwanza ya pinboli: nianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Ninaishi Ohio, Marekani, na nimenunua kwa jirani mashine ya pinboli (mchezo wa gololi inayorushwa juu ya ubao wenye mteremko) ya Eight Ball iliyotengenezwa na kampuni ya Bally. Inawaka na inachezeka, lakini flipa ya kulia (mkono mdogo unaopiga gololi) ni dhaifu kiasi kwamba gololi haifiki juu, na taa kadhaa haziwaki. Nimenunua bisibisi, spana na mita ya kupimia umeme. Nilipoinua ubao na kuona msitu wa nyaya ulio chini yake, niliufunga na sijaugusa tena. Naogopa kupigwa na umeme, na zaidi naogopa kuharibu kitu ambacho hakitatengenezeka. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hofu yako nimeiona kwa karibu kila mtu aliyemiliki mashine yake ya kwanza, wakiwemo watu wanaoshusha injini ya gari bila wasiwasi, na sijaona ikimtoka mtu kwa kuambiwa tu asiogope. Huanza kupungua pale mtu anapojua kwa uhakika ni sehemu zipi za mashine zinazostahili kuogopwa, kwa sababu ni chache, na nyingine zote zinavumilia mkono wa mwanafunzi. Kwa hiyo nitaanza na sehemu hizo chache, kisha tuingie kwenye flipa yako, ambayo kwa bahati njema ndiyo kazi bora kabisa ya kujifunzia.

Kwanza, ujue una kitu gani. Eight Ball ilitoka mwaka 1977, wakati kampuni za Chicago, Bally ikiwa miongoni mwao, zilipokuwa zikiacha mashine zinazoendeshwa na rilei (swichi zinazofungwa kwa sumaku ya umeme) na magurudumu ya kuhesabia na kuhamia kwenye kompyuta ndogo. Zilitengenezwa 20,230, na rekodi hiyo ya mashine zenye flipa haikuvunjwa hadi The Addams Family ya mwaka 1992, ambayo ilifikia 20,270. Idadi hiyo ina maana kubwa kwako: vipuri vyake vinapatikana, bodi mbadala za saketi bado zinatengenezwa, na michoro ya saketi zake inapatikana katika hifadhi ya intaneti ya mashine za pinboli, yaani IPDB. Karibu hakuna sehemu yake unayoweza kuiharibu leo ambayo huwezi kuinunua wiki ijayo. Kinachopatikana kwa shida ni kioo chenye picha cha nyuma na rangi ya ubao wa mchezo, na hivyo viwili huharibiwa na mikono yenye haraka na sabuni kali, si na kazi ya umeme.

Ujue pia kwamba mashine hii haikuundwa kwa ajili ya sebule. Iliundwa ikae baa au kwenye ukumbi wa michezo, ipigwe mateke na kumwagiwa bia, na ikiharibika fundi aje na tochi na mfuko mmoja wa zana aitengeneze kabla ya wateja wa jioni kufika, maana kila saa iliyosimama ni sarafu zilizopotea. Ndiyo sababu ukifungua mlango wa sarafu unakuta komeo linaloachia ule mkingamo wa chuma wa mbele, kioo kinateleza na kutoka chenyewe, na ubao mzima unainuka na kuegemezwa kwa fimbo yake. Watu walioichora walijua kwamba itafunguliwa mara nyingi. Unapoifungua unaitumia kama walivyokusudia.

Sasa hatari zenyewe. Ya kwanza ni umeme wa ukutani, ambao huko kwenu ni volti 120. Huo unaingia kwa waya mkuu, unafika kwenye swichi ya kuwashia, kichujio na fyuzi yake, na soketi ya fundi iliyo ndani ya kabati, na unaishia kwenye transfoma. Zima swichi ya mashine, kisha chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona, kwa sababu swichi ikizimwa huku plagi imechomekwa, sehemu iliyo kabla ya swichi bado ina umeme. Itazame plagi yenyewe: inapaswa kuwa na pini tatu. Mashine nyingi za umri huu zimekatwa pini ya tatu na mtu aliyekosa soketi inayofaa, na bila pini hiyo vyuma vya nje vya kabati vinaweza kubeba umeme siku waya ukichubuka ndani. Ukikuta imekatwa, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kabla ya flipa wala taa.

Hatari ya pili iko kwenye kisanduku cha nyuma, kwenye bodi inayoendesha koili (waya uliozungushwa ambao huvuta chuma ukipitishiwa umeme) pamoja na vioo vitano vinavyoonyesha namba. Vioo hivyo hufanya kazi kwa takriban volti 190, na kwenye bodi hiyo kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa kazi uliyonayo huna haja ya kugusa kisanduku cha nyuma kabisa, na ningependa usikiguse mpaka uwe umeshazoea mita yako. Siku utakapolazimika, subiri dakika kadhaa baada ya kuchomoa, kisha pima kabla ya kugusa.

Zaidi ya hapo, umeme ulio chini ya ubao ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Taa zinatumia volti zipatazo 6, swichi zinatumia 5, na koili zinatumia 43 za umeme wa moja kwa moja (DC), ambazo zitakushtua zikikugusa kwenye mkono wenye jasho lakini si sawa na umeme wa ukutani. Watu wengi huchanganya pinboli na zile mashine za michezo ya video zenye kioo kama cha televisheni ya zamani, ambamo kweli kuna maelfu ya volti. Mashine yako haina kitu cha namna hiyo.

Kuna sheria moja ambayo naiweka juu ya nyingine zote, nayo inalinda mashine kuliko inavyokulinda wewe: usirekebishe kitu chochote chini ya ubao huku mashine imewaka. Nyaya za koili zenye volti 43 zimepita sentimita chache tu kutoka kwenye nyaya za swichi ambazo zinakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, na bisibisi ikiteleza, au skrubu ikidondoka na kuziunganisha hizo mbili kwa sekunde moja tu, volti 43 zinaingia mahali palipotengenezwa kupokea 5. Bodi nyingi zilizokufa zilikufa hivyo, mikononi mwa watu waliotaka kuokoa nusu dakika ya kuzima na kuwasha. Ukishika sheria hii, ile hofu yako ya kuharibu kitu kisichotengenezeka inabaki na nafasi ndogo sana ya kutimia.

Nenda sasa kwenye flipa, lakini kabla ya kushika bisibisi, fikiri. Flipa ya kushoto ni nzima, ya kulia ni dhaifu. Zote mbili zinalishwa na chanzo kimoja cha volti 43. Kwa hiyo transfoma ni nzima, na fyuzi ya koili ni nzima, na huhitaji kuvishuku. Zaidi ya hayo, katika mashine za Bally za miaka hiyo kompyuta haipigi flipa. Inachofanya ni kufunga rilei moja tu inayoruhusu flipa zifanye kazi mchezo unapoanza, na baada ya hapo umeme unapita moja kwa moja kwenye kitufe unachobonyeza ubavuni mwa kabati, unakwenda kwenye koili, na mambo yanaishia hapo. Tatizo lako liko mahali fulani kati ya kitufe cha kulia na flipa ya kulia. Ule msitu wa nyaya uliokufanya ufunge ubao umebaki nyaya chache, swichi mbili, koili moja na vipande vya chuma na nailoni.

Zima, chomoa, toa kioo na ukilaze juu ya zulia; kimeimarishwa kwa joto, na kona yake ikigonga sakafu ya saruji kinaweza kupasuka chote kwa mara moja vipande vidogo vidogo. Toa gololi kabla ya kuinua ubao, kwa sababu ni chuma kizito cha gramu 80 hivi, na ikibiringika kutoka juu itaharibu kitu. Inua ubao, uegemeze kwenye fimbo yake, ujaribu kuutikisa kidogo uhakikishe umekaa. Kisha piga picha. Piga picha ya flipa ya kulia kutoka pande zote, na ya kushoto pia, ukiwa karibu kiasi cha kuona rangi ya kila waya na mahali ulipolehemewa. Hakuna fundi mwenye kumbukumbu inayoshinda picha.

Tazama koili. Ina nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja: uzi mnene wenye nguvu nyingi unaorusha flipa, na uzi mwembamba wenye mizunguko mingi unaoishikilia ikiwa juu bila kuunguza koili. Kando yake kuna swichi ndogo ya mwisho wa mwendo. Flipa ikiwa chini, swichi hiyo imefunga, na umeme unaukwepa uzi mwembamba na kupita kwenye ule mnene peke yake, kwa hiyo pigo linakuwa kali. Flipa inapofika juu, inaisukuma swichi ifunguke, na umeme unalazimika kupita kwenye nyuzi zote mbili, ukapungua sana. Kanuni hii ni ya zamani kuliko mashine yako. Flipa zilianza mwaka 1947 kwenye mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty, na mafundi walikuwa wameshaishi nazo kwa miaka 30 kabla ya Eight Ball kutoka.

Ukishaelewa hivyo, ugonjwa unajieleza. Swichi hiyo ikiwa chafu au imepinda isifunge vizuri, umeme unapita kwenye uzi mwembamba tangu mwanzo, na flipa inanyanyuka kwa uvivu, kama unavyoeleza. Huyu ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Kwa kuwa nyuso za mgusano za swichi hii na za swichi ya kitufe ni za tangsteni, chuma kigumu, unaweza kuzisugua kwa tupa ndogo bapa mpaka zing'ae. Lakini usipeleke tupa hiyo kwenye swichi nyingine za ubao, zile zinazoguswa na gololi: hizo zimepakwa dhahabu nyembamba, na tupa itaiondoa. Kwa hizo, kata kipande cha karatasi ngumu isiyo na nta, kilowanishe kwa spiriti safi, kibane kati ya nyuso mbili na ukivute polepole.

Baada ya kusugua, tazama mwendo. Flipa ikiwa chini nyuso zigusane kwa kubanana kidogo. Isukume kwa kidole mpaka juu, nazo ziachane kwa milimita 2 hadi 3. Zisipoachana kabisa, koili itapashwa moto na uzi mnene kila unaposhikilia kitufe, na siku moja itaungua. Fanya hivyo hivyo kwa swichi ya kitufe, ila hiyo iko wazi mpaka ubonyeze. Kisha linganisha na upande wa kushoto. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa na flipa mbili, na sijui kwa nini vitabu vya maelekezo havisisitizi jambo hili: una mfano mzima, wa mashine ile ile na umri ule ule, umekaa sentimita chache kutoka kwenye ule mbovu.

Ikiwa swichi zote mbili ni safi na flipa bado ni dhaifu, chanzo ni uchakavu. Ndani ya koili kuna mrija wa nailoni, na ndani ya mrija kuna kijiti cha chuma kinachovutwa kikagonga kizuizi mwishoni. Miaka ya kugonga huvimbisha kichwa cha kijiti, hukwaruza mrija na hulegeza kiungo cha kati ya kijiti na mkono wa flipa. Sukuma flipa kwa kidole, taratibu, uisikilize: ikikwaruza au ikikawia kurudi, umepata jibu. Vipuri hivyo huuzwa pamoja kama seti kwa kila aina ya mashine, na kuvibadilisha ni kazi ya skrubu chache tu zinazoshikilia kizuizi. Usipake mafuta. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu kila mtu aliyewahi kushika baiskeli au cherehani anatamani kupaka mafuta, na ndani ya mrija wa koili mafuta hushika vumbi jeusi la chuma, yakageuka tope zito, na flipa ikawa dhaifu kuliko mwanzo. Mrija wa nailoni umeundwa ufanye kazi ukiwa mkavu.

Utakaporudisha flipa, acha nafasi ya milimita moja hivi ili mkono wake usikwame dhidi ya bushi ya ubao, na ukaze skrubu inayobana mhimili wake barabara. Ukikuta waya umekatika kwenye pembe ya koili (kipande cha chuma cha kulehemea waya), ulehemu kwa pasi ya wati 40 na lehemu ya kazi za umeme yenye gundi ya utomvu ndani. Ile ya mabomba ina asidi na itakula shaba. Ukilazimika kubadilisha koili nzima, angalia dayodi (vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizoshikamana nayo na upande wa ule mstari wao, kwa maana dayodi ikigeuzwa huwa ni shoti, na nyaya zirudi kwenye pembe zile zile za kwenye picha yako.

Rudisha ubao, washa, jaribu. Usiendelee na jambo jingine mpaka ujue hili limekaa sawa. Hapa ndipo wengi wanaoanza huteleza, kwa kufanya matengenezo matano kwa mkupuo, na mashine ikikataa kuwaka hawajui ni lipi kati ya matano limeleta kasoro.

Taa hazihitaji maneno mengi. Mashine yenyewe itakusaidia kwa kitufe kidogo kilicho ndani ya mlango wa sarafu: kibonyeze mara moja, na taa zote zinazoongozwa na kompyuta zitamweka pamoja, bonyeza tena, na vioo vya namba vitapita kutoka 0 hadi 9, ukiendelea, itapiga kila koili kwa zamu, na mwisho itakuonyesha namba ya swichi yoyote iliyoganda. Andika taa zisizomweka, zima, badilisha balbu. Chukua namba 47 badala ya 44, kwa sababu inatumia ampia 0.15 badala ya 0.25 na haiunguzi plastiki iliyo juu yake. Balbu mpya isipowaka, huenda soketi imeshika kutu. Ukiwa hapo, badilisha raba zote za ubao, kazi isiyo na umeme hata kidogo ambayo hubadilisha mchezo kuliko mtu anavyotarajia.

Kuhusu fyuzi, nitasema jambo moja: weka thamani iliyoandikwa, wala usiongeze. Ukikuta iliyofungwa karatasi ya alumini au iliyo kubwa kuliko maandishi, kuna mtu aliyeficha shoti badala ya kuitafuta. Na siku utakapowasha mashine ukasikia koili moja ikigonga mara moja na kunyamaza, kisha harufu ya varnishi ikaanza, zima papo hapo. Transista yake, yaani swichi ya kielektroniki inayoiwasha, imepata shoti na koili imebaki imewashwa.

Kitu cha mwisho ni cha kutazama tu kwa sasa. Kwenye bodi ya kompyuta, katika kisanduku cha nyuma, kuna betri ndogo ya volti 3.6 iliyolehemewa, na betri hizo huvuja. Maji yake hula njia za shaba na miguu ya sehemu zilizo karibu, taratibu, hata mashine ikiwa imezimwa. Fungua kisanduku, tumia tochi, usiguse. Ukiona unga wa kijani au mweupe kuzunguka betri, hilo ni jambo la haraka kuliko flipa: betri iondolewe, na mahali palipoathirika pasafishwe kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha maji safi, kisha spiriti. Kama hujawahi kulehemu kwenye bodi, usijifunzie hapo. Chomoa bodi kwa uangalifu baada ya kupiga picha ya kila kiunganishi, na uipeleke kwa fundi wa bodi, au ununue bodi mbadala mpya, uamuzi ambao mimi naupendelea pale kutu ilipoenea sana.

Kabla ya kuichomoa, washa mashine mara moja uhesabu kumetameta kwa ile taa ndogo ya bodi. Ikiwa nzima humeta mara 7, kila mara ikiwa imekamilisha jaribio moja la ndani, na mara ya saba haitokei mpaka zile volti 43 za koili ziwe zimeifikia bodi. Mwandikie fundi ilikomea mara ya ngapi, na umpelekee picha ya eneo la betri. Kwa hayo mawili ataweza kukuambia, kabla hujalipia usafirishaji, kama bodi yako inafaa kutengenezwa.